Upande wa Kulia wa Ukurasa

Kwa wiki kadhaa nilimtazama baba mkwe wangu kwa vipande. Tundu la pua, kona ya jicho, ukosi wa shati, vidole kwenye nyuzi za gitaa. Nilikuwa naikuza picha kwenye kompyuta mpaka kipande kimoja kijae kioo chote, nasafisha mikwaruzo yake, kisha nateremkia kipande kingine, bila kurudi nyuma kuiona picha nzima. Huo haukuwa ufundi. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kama sheria hiyo inaishia kwa mtu mwenyewe au inafika hadi kwenye picha yake ya ujana.

Upande wa mume wangu bado wanaishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Ziko familia nyingi hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambazo zimeilegeza, watu na wakwe zao wanakula meza moja na kutaniana, lakini si kwa mzee huyu. Mzee hukohoa kabla ya kuzunguka kona ya nyumba, nami nikisikia kikohozi hujificha nyuma ya mlango au hugeukia ukuta mpaka apite. Kiti chake sikikalii. Jina lake silitamki, na hapo ndipo penye kichekesho, kwa sababu ni jina la zamu ya kuzaliwa, lile ambalo wenyeji wa hapa humpa kila mtoto wa kiume wa nafasi hiyo, kwa hiyo sokoni wanaume wenye jina hilo ni wengi kama nyanya. Wote hao nawaita "kaka" au "baba" tu. Wengine hudhani nina maringo.

Mimi sikukulia katika mambo hayo. Nilizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi wa Kilembe, juu ya mji wa Kasese, ambako babu yangu alifika kutoka mbali kutafuta kazi na hakurudi alikotoka. Majirani walikuwa wa kila kabila, tukaishi kwa Kiswahili, na heshima yetu ilikuwa kusalimia na kutorusha mawe kwenye mabati ya watu. Nilipoolewa huku mpakani ndipo mama mkwe aliponikalisha jikoni akanifundisha wapi nisimame na lini nigeuke. Alinifundisha kwa upole. Lakini kufundishwa kwa upole namna ya kujificha bado ni kufundishwa kujificha, na nilikuwa mtu mzima.

Kazi yangu ni kupanga maandishi na picha kwa kompyuta. Chumba changu cha kazi ni chumba cha mbele cha nyumba ya mzee, kinatazama barabara ya kwenda mpakani ambapo malori husimama foleni tangu asubuhi. Natengeneza programu za mazishi, kadi za harusi, lebo za asali, mabango ya shule. Umeme unatengenezwa Bugoye, karibu tu, mto unashuka mlimani mbele ya macho yetu, lakini unapotaka kuchapisha kitu Bwera ndipo unapozimika. Basi unakaa. Unatazama malori.

Kabla ya kuolewa nilikuwa Kasese mjini, kwa mama mmoja wa Kiislamu ambaye kaka zake wana malori na yeye ana duka la kuchapisha. Ana mashine kubwa, ana wafanyakazi wanaobishana kuhusu rangi, na pale hakuna mtu anayekohoa ili mimi nitoweke. Nikiwa nimeshaolewa, msimu wa kampeni za uchaguzi ulipokaribia, alinipigia simu akasema nafasi yangu ya zamani iko wazi, niirudie. Mume wangu anafanya kazi Mweya, anaendesha gari la watalii mbugani, anarudi mwisho wa mwezi akinuka vumbi na dizeli. Nilimwomba nikae Kasese siku za kazi, nirudi Bwera Jumamosi. Alifikiri, akazungumza na wazazi wake, akaniletea jibu. Alisema sawa, lakini nimalize kwanza tangazo la mzee.

Tangazo la mzee lilikuja hivi. Ujanani mzee alipiga gitaa katika bendi iliyokuwa inavuka mpaka kwenda na kurudi, leo huku, kesho upande wa Kongo. Nyimbo zao zilibaki kwenye kanda za kaseti, zikauzwa sokoni, zikachakaa. Kijana mmoja wa Kampala, anayetafuta miziki ya zamani kama wengine wanavyotafuta dhahabu, alizikuta kanda hizo, akazisafisha, akamtafuta mwenyewe, akatangaza kwamba zitatoka kama albamu. Jarida moja la muziki likampa ukurasa mzima kwa sharti kwamba tangazo lifanane na matangazo ya enzi hizo. Herufi nene za mviringo, karatasi iliyopigwa na jua, wino mwekundu uliotoka nje ya mstari kidogo. Mzee alipoulizwa nani atalitengeneza, akasema nyumbani kwake kuna mutu wa kompyuta.

Hivyo ndivyo alivyoniita. Niliambiwa na mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa njia yetu. Katika nyumba zenye watoto, watoto ndio hubeba maneno kati ya mkwe na mkwe. Sisi hatukuwa tumepata mtoto bado, kwa hiyo neno lolote la mzee kwangu lilipita kwa mama, na langu kwake vilevile. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kusikia mzee akisema jambo linalonihusu kwa sauti yake mwenyewe.

Kijana wa Kampala hakuelewa hata kidogo. Alipiga simu kutaka kuhakikisha jina la mzee linavyoandikwa, akaniomba nimtajie herufi moja moja. Nikanyamaza. Sikujua kama kulitaja vipande vipande ni kulitaja. Akasema halo, halo. Nikampa simu mama mkwe, lakini mama naye hamwiti mumewe kwa jina, akasema, "Muzee." Kijana akauliza mzee nani. Mama akajibu, "Muzee wa hapa." Kijana akakata, akapiga tena, akilaumu mtandao wa mpakani. Mwishowe nilimwomba aandike yeye mwenyewe anavyolijua, anitumie, nami nikalipachika kwenye ukurasa kama nilivyolipokea.

Picha iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Kijana mwembamba mwenye suruali pana chini, gitaa kifuani, amesimama kushoto, ameinama kidogo kuelekea kulia kama anayemsikiliza mtu. Ukingo wa kulia ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka. Nilidhani ilikatwa ili iingie kwenye fremu. Watu hukata picha za thamani kwa sababu za ajabu; nimeletewa picha za marehemu za kuweka kwenye programu za mazishi, zimekatwa masikio.

Tangazo la kwanza nililipenda. Nasema ukweli, nililipenda sana. Mzee kushoto, kulia nimeacha nafasi ya rangi ya chungwa iliyofifia, jina lake juu kwa herufi zinazovimba, chini jua dogo lenye miale na neno MPYA ndani yake, kama walivyokuwa wakifanya zamani hata kwa sabuni. Nilisikiliza nyimbo zote nikiwa nalitengeneza. Chini ya gitaa kulikuwa na sauti ya mwanamke anayeitikia, na mchakacho fulani usiokoma, shaa, shaa, shaa, ambao nilidhani ni uchakavu wa kanda. Nilichapisha, nikampa mama mkwe, akavuka nalo ua kumpelekea mzee, anayeketi upande wa pili.

Akarudi baada ya muda, ameishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Muzee anasema upande hii ya kuume kuko baridi," akasema.

Sawa. Mteja ni mteja. Nikaweka kaseti kubwa upande wa kulia, utepe wake unatoka nje kwa madaha. Mama akavuka, akarudi. Bado kuko baridi. Nikaweka maikrofoni ya zamani, ile yenye mbavu. Baridi. Nikaweka mnazi na mwezi, ingawa sijui mnazi ungetafuta nini Bwera, na mama akarudi akasema mzee ameuliza kama ni tangazo la hoteli. Nikamhamisha mzee katikati ili upande wa kulia usiwepo kabisa. Hilo lilirudi haraka kuliko yote. Mama alisema mzee anasimama sasa kama mutu wa kitambulisho, na anainamia hewa.

Kila karatasi iliyorudi ilinisogeza mbali na Kasese. Mama wa duka alipiga simu, akauliza nakuja lini, nikasema karibu. Akapiga tena. Nikasema tena karibu, na nilijisikia mjinga. Siku moja muuza samaki wa Hamukungu, anayepita na sinia lake nyumba kwa nyumba, alisimama mlangoni kwangu akaniuliza kwa nini nimekonda, nami nikamjibu kwamba nimeshindwa kujaza nafasi ya kiganja kimoja. Akanicheka. Akaniambia nijaze samaki.

Nilianza kumchukia mzee. Sitaki kulipamba hilo. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake, nageukia ukuta, na huku nimeukabili ukuta nasema moyoni, wewe unanitawala hata kwa pumzi. Kama angekuwa mteja wangu wa kawaida ningemvukia uani, ningemwekea karatasi mezani, ningemwuliza, unataka nini hapo, mzee, niambie kitu kimoja nikifanye. Swali lenyewe ni la dakika moja. Lakini kati yetu palikuwa na ua wenye kuku na kahawa iliyoanikwa, nami sikuruhusiwa kuuvuka. Mume wangu nilipomlalamikia kwa simu alisema mzee ni mtu wa kuchagua, nivumilie. Yeye alikuwa Mweya, anawaonyesha wageni viboko.

Ijumaa mama wa duka aliniambia kwa heshima kabisa kwamba asingeweza kungoja tena. Kazi za wagombea zimeanza kumwagika. Jumatatu asubuhi anataka mtu kwenye kiti, nikiwa mimi vizuri, nisipokuwa mimi yupo kijana mwingine ameomba. Nilimwambia Jumatatu nitakuwepo. Nilikata simu nikijua kwamba sina tangazo.

Jumamosi mchana nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, napepeta maharage, nikasikia kikohozi. Nikaingia nyuma ya mlango wa jikoni haraka. Kwa kawaida nyayo hupita. Safari hii zilisimama. Kupitia ufa niliona gumba la mguu wake na ndala, na mbele yake kuku mwekundu wa mama akidonoa maharage niliyoyamwaga.

"Wee kuku," mzee akasema.

Nikasogeza jicho kwenye ufa.

"Wee kuku, juu ya nini tangazo yangu haiishi? Ile ya kwanza kabisa nilisemaka iko muzuri. Nilisema siku ile ile, nikapiga mukono. Tangu siku ile sijaona karatasi ingine. Ao kwa nyumba hii maneno yangu inapoteaka njiani?"

Kuku akaendelea kula. Mzee akangoja kidogo, kama mtu aliyemaliza kuzungumza na karani, kisha akakohoa tena na nyayo zikaenda.

Mimi nilibaki nyuma ya mlango na ungo mkononi. Nilihesabu karatasi zote nilizotengeneza, kaseti, maikrofoni, mnazi, mwezi. Hakuna hata moja iliyovuka ua. Mama alikuwa akitoka nazo mlangoni kwangu, anakwenda mahali, anakaa muda wa kutosha, anarudi. Kwanza nilifikiri anataka nisiende Kasese. Ilinipanda hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo katika nyumba ile. Nilitoka na ungo wangu nikamtafuta.

Alikuwa kivulini kando ya tangi la maji, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia kuku ameniletea salamu za mzee. Hakujifanya haelewi. Aliendelea kutwanga kidogo, akaacha mchi ndani ya kinu, akafuta mikono.

Alinieleza bila kunitazama, na nitalisema kwa kifupi kwa sababu yeye mwenyewe hakulirefusha. Yule mwanamke anayeitikia kwenye nyimbo ni yeye. Ule mchakacho si uchakavu wa kanda. Ni kopo la maziwa ya unga lililojazwa mbegu, na mwenye kulitikisa alikuwa yeye. Kwenye picha alikuwa upande wa kulia, amelinyanyua kopo karibu na bega la mumewe. Miaka mingi baadaye aliokoka. Kanisani waliambiwa walete vitu vya maisha ya zamani, vichomwe. Wengine walileta chupa, shanga, nguo za dansi. Yeye hakuwa na kitu ila kopo na picha ile. Akachukua mkasi.

"Yeye sikumuchoma," akasema. "Hakukuwa wangu wa kuchoma. Nilijichoma mimi."

Na tangu siku ile, kila anapoombwa ushuhuda, anasimama na kusimulia mkasi na moto, na watu wanasema amina. Ushuhuda wake unajulikana hadi Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Nilimwuliza basi anataka nini, anataka nimrudishe? Akashtuka kabisa, akasema hapana, asirudi mule, watu wa kanisa watasema nini, yeye mwenyewe atasema nini. Hataki. Kisha akaushika mchi tena.

"Mi sitake kurudi mule, mutoto wangu. Lakini nikiangalia, naona hapa kunabakia baridi tu."

Ningeweza kumaliza siku hiyo hiyo. Tangazo la kwanza lilikuwa kwenye kompyuta, zima, na mwenyewe ameshalikubali mbele ya kuku. Nilirudi chumbani, nikalifungua, nikaandika anwani ya kijana wa Kampala. Betri ilikuwa imejaa, mtandao ulikuwepo, kila kitu kilichokuwa kikinikwamisha siku zote kilinipisha njia. Jumapili ningepanda gari, Jumatatu ningekuwa kwenye kiti changu Kasese. Nilikaa, kidole juu ya kitufe. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, rangi ya chungwa, na sasa nilipouona niliona kweli kwamba yule kijana wa gitaa anamwinamia mtu.

Nilikasirika upya. Nilimkasirikia mama kwa kunionyesha, na mimi mwenyewe kwa kuona. Nilirudi kwenye kinu nikamwambia, mkono. Uso hapana, nguo hapana, jina hapana. Mkono tu na kopo. Mkono hauna dini, nikamwambia, ule ule unaoshika Biblia. Alitwanga sombe mpaka ikawa kama maji.

Jumapili alikwenda kanisani asubuhi akarudi mchana, akala, akalala. Sikumwuliza. Mfuko wangu wa safari ulikuwa umefungwa, uko kando ya mlango, na kila nilipopita niliupiga teke kidogo. Tangazo sikulituma. Mtu akiniuliza kwa nini, namwambia tu kwamba katika nyumba ile wanawake tuliofundishwa mahali pa kusimama tulikuwa wawili, na yule aliyenifundisha kujificha alikuwa amejikata na kujificha kabla yangu.

Jumatatu asubuhi, malori yakiwa yameshaanza kupiga honi, aliingia chumbani kwangu na kufunga mlango wa mbele. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, karatasi yake imebanduliwa, ndani ametia mahindi makavu. Mkono wa kulia ameunawa na kuupaka mafuta mpaka unang'aa. Alilalamika kwamba mahindi si mbegu zenyewe, sauti itakuwa nzito. Nikamwambia picha haina sauti, Mama.

"Mukono unajua," akasema.

Nikatundika shuka jeusi ukutani, nikamsimamisha pembeni mwa dirisha, nikamwambia anyanyue kopo. Akanyanyua kama mtu anayenunua sukari. Nikapiga picha kwa simu yangu, haikufaa. Nyingine, haikufaa. Ndipo nikafungua wimbo mmoja kwenye kompyuta, ule wa kwanza, sauti ya chini. Gitaa likaanza. Mama alisimama tuli mpaka ilipofika zamu yake, kisha mkono ukaenda. Sikuwahi kuona kitu kama kile katika nyumba ile. Bega halikutikisika, kiwiko hakikutikisika, ni kifundo tu, na mahindi ndani ya kopo yakaingia kwenye mchakacho wa kanda yakapotea humo, usijue upi wa leo. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Nikasikia nyayo nje, chini ya dirisha. Zikasimama. Kikohozi hakikuja.

Hapo simu ikaita mkononi mwangu. Picha ya mkono ikapotea kwenye kioo, likatokea jina la duka la Kasese, linacheza. Ilikuwa saa ya mimi kuwa kwenye kiti. Nilijua akinipigia mara hii anataka kusikia neno moja tu, kwamba niko njiani, na ningemwambia angenisubiri hadi mchana. Mama hakusikia, alikuwa amefumba macho, wimbo umefika katikati. Ningepokea, mkono ungeacha. Na mkono ule ukiacha, nilikuwa na hakika usingenyanyuka tena.

Nilibonyeza kitufe chekundu. Mkono ukarudi kwenye kioo, nikapiga, nikapiga, nikapiga. Nyingi zilitoka na ukungu kwa sababu ya mwendo. Nilichagua yenye ukungu zaidi.

Wimbo ulipoisha, mzee alikohoa nje, akaenda zake.

Nilimpigia mama wa duka mara tu mama mkwe alipotoka. Hakuwa na hasira. Alisema alipoona nimekata alijua nimeamua, na yule kijana aliyeomba kazi alikuwa amesimama mlangoni, akamwambia aingie. Aliniombea heri. Nililia kidogo, nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikakaa kazini. Mkono niliupunguza rangi, nikautia chembechembe, nikauweka upande wa kulia ukitokea ukingoni mwa ukurasa, kopo karibu na bega la yule kijana wa gitaa. Mikunjo ya ngozi sikuifuta. Kijana wa suruali pana alikuwa akiinamia mkono wa bibi, na haikuwa kosa. Nilichapisha nikamwita mama. Sikumpa avuke nayo popote. Nilimwuliza mzee anasemaje.

"Muzee hajasema kitu," akajibu. Aliitazama muda mrefu. "Mimi nasema iko muzuri."

Jarida lilipotoka, dereva mmoja wa lori alituletea nakala kutoka Kampala. Shemeji yangu alisema ni tangazo zuri la maziwa. Kijana wa muziki alisifiwa sana kwa wazo la mkono na akaniambia watu wanamwuliza ni wa nani, nami nikamwambia mtandao wa mpakani unakata. Kanisani hakuna aliyesema neno, ingawa mama kwa Jumapili kadhaa alipiga makofi ya nyimbo kwa kujizuia, mikono chini ya leso. Mume wangu alirudi mwisho wa mwezi akafurahi kweli. Akaniambia ahadi ni ahadi, tangazo limekwisha, sasa ninaweza kwenda Kasese. Nikamwuliza kwenda kufanya nini. Akaenda kuosha gari.

Kwa hiyo nipo hapa hapa. Wagombea wa Bwera nao wana nyuso, nami nazitengeneza, nzimanzima, nazitazama machoni ninavyotaka. Ukurasa ule nimeubandika ukutani juu ya mashine. Sikuweza kuubandika wote, maana siwezi kukaa kutwa chini ya uso wa baba mkwe. Niliukunja katikati, yeye nikamgeuzia ukutani. Kinachoonekana ni mkono, kopo, na nusu ya jua lenye neno MPYA.

Juzi mama aliingia kuniletea chai, akasimama mbele ya ukurasa ule. Akaniuliza yule mwingine yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma, nimemficha kwa heshima. Alifikiri, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Acha akae huko kidogo," akasema.

Nje kikohozi kikasikika kwenye kona ya nyumba. Niliweka kikombe chini, nikaingia nyuma ya mlango, nikangoja apite.